Age of Empires II: Definitive Edition, ukipimwa kwa ulinzi wa timu

Kwa miezi minane sasa, watu wanne, watatu tukiwa Dar es Salaam na binamu yangu akiwa Muscat, tumekuwa tukikutana kila Jumamosi saa tatu usiku, ambayo kwake ni saa nne, kucheza Age of Empires II: Definitive Edition, mchezo wa kompyuta wa kujenga miji na kupigana vita, dhidi ya timu nyingine za watu wanne. Katika miezi miwili ya mwanzo tulishindwa karibu kila mara, na kwa namna ileile: mmoja wetu alivamiwa na maadui wawili kwa pamoja, wengine watatu wakaendelea kulima na kukata miti kwa utulivu kana kwamba jirani hajapatwa na jambo, na walipogeuka kutazama, kijiji cha mwenzao kilikuwa kimekwisha teketea. Kwa sababu hiyo mapitio haya yanaupima mchezo kwa jambo moja tu, nalo ni kama unaipa timu ya watu wa uwezo wa kawaida vifaa vya kutosha vya kupanga ulinzi wake.

Kwa asiyeufahamu, mchezo wa asili ulitengenezwa na Ensemble Studios ya Marekani na kutolewa mwaka 1999. Toleo ninalolizungumzia, lililoandaliwa na Forgotten Empires pamoja na washirika wake, lilitoka tarehe 14 Novemba 2019 chini ya Xbox Game Studios. Mchezaji huanza na kituo cha mji, wanakijiji watatu na mpanda farasi mmoja wa upelelezi, isipokuwa katika staarabu chache (yaani mataifa ambayo mchezaji huchagua moja la kuliongoza) kama za Wachina na Wamaya, ambazo hupewa wanakijiji zaidi. Kuanzia hapo hukusanya chakula, mbao, dhahabu na mawe, akipanda kutoka Enzi ya Giza hadi Enzi ya Ukabaila, kisha Enzi ya Ngome, na hatimaye Enzi ya Kifalme. Watu hadi wanane huweza kucheza pamoja, na kwa kawaida kila mmoja huruhusiwa kuwa na wanakijiji na askari wasiozidi 200 kwa jumla. Sheria ni hizo, na mtoto wa darasa la saba huzielewa kwa jioni moja. Kinachochukua miezi ni kujua nani kati ya wanne awe na nini, na lini.

Katika ramani ya wazi kama Arabia, timu mbili hupangwa pande mbili zinazotazamana. Wachezaji wawili wa kila timu huwa pembeni, wakikabiliana moja kwa moja na wapinzani wa pembeni, na wawili huwa katikati, mahali ambapo wazoefu hupaita mfukoni. Aliye mfukoni hukaa mbali kidogo na hatari, na kwa hiyo desturi humtaka akuze uchumi na kuzalisha wapanda farasi wanaoweza kukimbilia upande wowote, ilhali aliye pembeni hutegemea zaidi wapiga mishale. Hakuna mahali ndani ya mchezo panapoeleza mgawanyo huu; ni desturi iliyojengwa na wachezaji wenyewe, na sisi tuliijua kwa kupigwa. Binamu yangu, ambaye ana mkono mwepesi kuliko sisi sote, tulikuwa tumemweka mfukoni kwa heshima, tukidhani hicho ndicho kiti cha nahodha. Tulipomhamishia pembeni, mahali ambapo wepesi wa mkono hutumika tangu dakika za mwanzo, vipigo vilipungua hata kabla hatujabadilisha jambo lingine lolote.

Uvamizi wa kwanza wa kweli hufika karibu na dakika ya 10 kwa saa ya mchezo. Mara nyingi huwa ni wapanda farasi watatu au wanne wa upelelezi, au kikundi kidogo cha wapiga mishale, nao hawana haja na majengo. Huwatafuta wanakijiji wanaokata miti au kuchimba dhahabu mbali na kituo cha mji, kwa kuwa kila mwanakijiji anayekufa ni chakula 50 na sekunde 25 za uzalishaji zilizopotea, pamoja na kila kitu ambacho angekusanya hadi mwisho. Kinga yake ni rahisi kwa kiwango kinachoshangaza. Ufundi wa kwanza wa kituo cha mji, unaogharimu dhahabu 50, huwaongezea wanakijiji uhai wa pointi 15. Askari wa mkuki, ambaye ni adui mkubwa wa farasi, hugharimu chakula 35 na mbao 25. Mrusha mikuki myepesi, anayewamudu wapiga mishale, hugharimu chakula 25 na mbao 35. Na wote wawili hawahitaji hata chembe ya dhahabu. Maana yake ni kwamba mlinzi anaweza kutumia mali ndogo kuliko mvamizi na bado akamrudisha nyuma, ilimradi amejua mapema kinachokuja. Asipojua, atajenga mikuki akutane na mishale, na hapo urahisi wote huo unageuka hasara.

Ndiyo maana jambo la kwanza tuliloliandika katika mpango wetu halikuhusu silaha bali upelelezi. Wachezaji wawili wa mfukoni, ambao hawana wasiwasi mkubwa katika dakika za mwanzo, huwatuma wapanda farasi wao kati ya dakika ya 6 na ya 8 wakaangalie wapinzani wa pembeni wanajenga nini: banda la farasi au uwanja wa wapiga mishale. Taarifa hutolewa kwa maneno matatu tu, yaani rangi ya adui, jengo lililoonekana, na upande anakoelekea. Kabla ya hapo, mtu alikuwa akipiga kelele kwamba anakufa, na neno hilo, pamoja na huruma yote linayoiamsha, halimwambii mwenzako alete mikuki au ngao. Mchezo wenyewe husaidia kwa kuruhusu kuwasha alama ya mwanga kwenye ramani ndogo, inayoonekana na timu nzima, na kwa namba za sauti ambazo zimedumu tangu toleo la 1999: ukiandika 3 unaomba chakula, 4 mbao, 5 dhahabu, na 6 mawe. Namba 11 ni kicheko, nayo hutumika zaidi ya zote, hasa na wanaoshinda.

Kifaa kimoja cha ulinzi ninachomwonya mgeni asikitumie ovyo ni kengele ya kituo cha mji. Ukiigonga, wanakijiji wako wote huacha kazi na kukimbilia kujificha, pamoja na wale walio upande usio na adui hata mmoja. Kituo cha mji hupokea watu 15 tu. Wanaobaki hutafuta majengo mengine au huzagaa nje. Nimewahi kuwaficha watu 30 kwa ajili ya farasi watatu, na nilipowatoa baada ya dakika moja nilikuwa nimejiibia mali nyingi kuliko ambazo adui angeweza kuniharibia. Ni afadhali kuwaingiza ndani wale tu walioguswa, watano au sita, kwani kila mwanakijiji aliye ndani huongeza mishale inayorushwa na jengo, huku wengine wakiendelea na kazi.

Kuhusu kuta, maoni yangu yamebadilika kabisa. Kila kipande cha ukuta wa mawe hugharimu mawe 5, na mchezaji huanza na mawe 200. Kwa hiyo mtu mwenye pupa anaweza kujizungushia ukuta mapema na kujiona salama, hali akiba aliyoitumia ndiyo ambayo ingemwanzishia ngome baadaye. Ua wa magogo ni rahisi zaidi na hutosha kwa uvamizi wa mapema, hasa ukitumia nyumba na majengo mengine kama sehemu ya ua. Lakini kazi ya ua ni kumchelewesha adui kwa muda fulani, na muda huo hauna faida ikiwa hakuna aliyepewa kazi ya kuutumia. Katika timu yetu tulikubaliana kwamba ua wa aliye pembeni ukianza kukatwa, aliye mfukoni wa karibu hutuma wapanda farasi wake bila kusubiri kuombwa, hata kama atachelewa kupanda Enzi ya Ngome, ambayo hudai chakula 800 na dhahabu 200. Kwa mchezaji wa mfukoni huo ni uamuzi mchungu, maana hesabu ya mwisho huonyesha alama zake zikiwa chini na hakuna safu inayotaja jirani aliyemwokoa.

Malango yanastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu yalitugharimu mchezo ambao tulikuwa tumekwisha uweka mfukoni. Lango hufunguka lenyewe linapokaribiwa na mwenye nalo au na mshirika wake. Siku hiyo tulikuwa tumejenga ukuta mzima wa mawe mbele ya vijiji viwili, na mimi nilikuwa nikiendesha mikokoteni ya biashara kati ya soko langu na la mwenzangu wa pembeni ya mbali, kwa kuwa faida ya biashara huongezeka kadiri masoko yanavyokuwa mbali. Njia ya mikokoteni ilipita nje ya ukuta kwa hatua chache, ikiingia na kutoka kwa malango mawili. Adui hakubomoa kitu. Alisimamisha wapanda farasi wazito kando ya lango, akasubiri mkokoteni wangu ufike, lango likafunguka, akaingia pamoja nao. Mchezo unaruhusu kulifunga lango kwa amri, na likishafungwa halimfungukii mtu yeyote. Amri hiyo ilikuwepo muda wote, ila kila mmoja wetu alidhani ni kazi ya mwenzake. Sasa kila lango lina mtu wake, na njia ya biashara huchorwa kabla ya ukuta.

Upande mwingine ambao mchezo huu unawazidi wengi wa aina yake ni msaada wa mali. Mwenye soko anaweza kumpelekea mshirika chakula, mbao, dhahabu au mawe wakati wowote, lakini hutozwa ushuru wa asilimia 30 juu ya anachotuma: ukitaka mwenzako apate mawe 300, wewe unatoa 390. Ufundi mmoja wa sokoni hushusha ushuru huo hadi asilimia 20, na mwingine huufuta kabisa. Mwanzoni niliuona ushuru huu kuwa usumbufu, lakini sasa nauona kuwa ndio unaoifanya mipango iwe na maana, kwa sababu bila huo watu wanne wangekuwa na ghala moja na kusingekuwa na haja ya kufikiri. Ngome hugharimu mawe 650, na aliye pembeni, akiwa chini ya mashambulizi, hawezi kupata wachimbaji wa kutosha kuyafikisha. Tulichofanya ni kumchagua mmoja wa mfukoni atumie Wakorea, ambao wachimbaji wao wa mawe hufanya kazi kwa kasi zaidi kwa asilimia 20, naye akawa mtumaji wa mawe wa timu. Aliye pembeni iliyoshambuliwa zaidi hutumia Wabizanti, ambao mikuki na warusha mikuki wao hugharimu pungufu kwa asilimia 25 na majengo yao huvumilia zaidi. Hakuna kati ya hao anayependeza kuchezwa na mtu anayetaka sifa ya kushambulia, na kumshawishi kijana wa miaka 19 akubali kuwa mchimba mawe ni kazi iliyotuchukua Jumamosi mbili.

Uvamizi halisi, wa kuvuka maji na kushuka katika nchi ya watu, hupatikana katika ramani ya Team Islands, ambamo kila timu ina kisiwa chake. Hapa ukuta una nafasi ndogo na macho yana nafasi kubwa. Adui mwenye akili hashuki mbele ya meli zako za vita. Hupakia wanakijiji wachache katika jahazi la kuvushia, huzunguka nyuma ya kisiwa, huwashusha katika kona isiyo na mtu, na baada ya dakika chache kunaota kambi ya askari au ngome ndani ya nyumba yako. Akishamaliza kujenga, gharama ya kumtoa ni mara kadhaa ya gharama ambayo ungeitumia kumzuia pale ufukweni, wakati watu wake bado wamebanana ndani ya jahazi moja. Tuliigawa pwani katika sehemu nne, kila mchezaji na sehemu yake, na katika kila kona tukajenga mnara mdogo wa kuangalizia, ambao hauna silaha. Mkiwa na anayetumia Wahabeshi katika timu, minara yenu yote, pamoja na hiyo ya kuangalizia, huona mbali zaidi. Kisha tukampa mwenzetu mwenye mkono mzito kuliko wote kazi moja ya ziada: kila baada ya dakika mbili apitishe macho kwenye kona zote nne na kuwasha alama ya mwanga penye tanga asilolijua. Hakuwahi kuwa tegemeo katika vita, lakini katika Team Islands hatujashindwa kwa kushtukizwa tangu alipoanza kazi hiyo, na sasa yeye ndiye anayechagua ramani.

Nikiwa katika habari ya kuvuka bahari, kuna sehemu ya mchezo ambayo msomaji wa pwani yetu ataitazama kwa jicho tofauti. Miongoni mwa hadithi za kuchezwa peke yako, zilizoingizwa mwaka 2015 na kujumuishwa katika toleo hili, kuna ile ya Mreno Francisco de Almeida, ambayo hukuweka ndani ya meli za mvamizi. Mwaka 1505 Almeida huyu aliiteka Kilwa bila upinzani mkubwa, kisha akaenda Mombasa, iliyopigana mtaa kwa mtaa hadi ikachomwa moto. Na Malindi, yenye uhasama wa siku nyingi na Mombasa, ilikuwa na urafiki na Wareno tangu Vasco da Gama alipopita mwaka 1498. Nilipoicheza, sikuona raha ya kushinda, lakini niliona kwa mara ya kwanza, kutoka upande wa baharini, jinsi miji mitatu tajiri inavyokuwa myepesi kuchukuliwa mmoja mmoja. Ni jambo la kusikitisha pia kwamba kati ya staarabu 35 za toleo la mwanzo, ambamo wamo Wamali, Wahabeshi na Waberiberi, Waswahili hawamo, ingawa nchi yao imetumika kama uwanja wa vita.

Upungufu mkubwa wa mchezo huu, kwa kipimo nilichochagua, ni kwamba haufundishi timu. Una mazoezi mazuri yanayotoa nishani za dhahabu, fedha na shaba kwa kukuza uchumi haraka au kumudu vita vidogo, lakini yote huchezwa na mtu mmoja, na anayeyamaliza yote kwa dhahabu anaweza bado asijue maana ya kukaa mfukoni. Ukiingia katika mechi na watu usiowajua, nafasi ya kukubaliana ni ndogo mno, na lugha huwa kikwazo kingine. Kwa hiyo sishauri mtu anunue mchezo huu kwa ajili ya ulinzi wa timu ikiwa hana angalau wenzake wawili wa kudumu. Kinachofidia kwa sehemu ni kumbukumbu za mechi: kila mchezo huhifadhiwa, na unaweza kuutazama upya kwa macho ya mchezaji yeyote, hata adui. Sisi hutazama mechi tuliyoshindwa kabla ya kuanza nyingine, tukisimamisha pale ambapo mpango uliachwa, na ugomvi mwingi wa nani alimtupa nani huishia hapo kwa kuwa saa ya mchezo haina upendeleo.

Bei ilikuwa dola 19.99 lilipotoka, na punguzo hutokea mara kwa mara kwa wanaoweza kusubiri. Jambo la kuangalia zaidi ni kompyuta. Katika mechi ya watu wengi, mashine iliyo dhaifu kuliko zote huwachelewesha wote, na ndiyo sababu mchezo una kipimo chake cha uwezo, kinachodai alama 1,000 kwa anayetaka kucheza mechi za kupangwa kwa viwango. Kifurushi cha picha za ubora wa juu hutolewa bure lakini si lazima kukipakua, na mwenye kompyuta ya kawaida asikipakue. Mwenzetu mmoja alikuwa nacho, na kila vita vilipopamba moto amri zetu zote zilichelewa kutekelezwa, sawa na mtu anayepiga simu ya mbali na kusubiri sauti irudi. Alipokifuta, na tulipopunguza idadi ya watu kutoka 200 hadi 150 kwa kila mchezaji katika mechi tunazoziandaa wenyewe, amri ya kufunga lango ilianza kutekelezwa kabla farasi hawajapita.